Usimwambie mvutaji aache tu, mpe mtu wa kumjibu saa nane usiku

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa fupi na hii yangu si fupi, lakini nimeiandika kwa simu nikiwa kwa foleni ya malori hapa mpaka wa Malaba na wenye wanajua ile foleni wanajua mtu anaweza kuandika hata mara mbili kabla isonge, kwa hivyo ukiona imezidi kata pale unaona panafaa, bora usikate ile ya saa nane usiku juu hio ndio imenifanya niandike.

Mimi ni dereva wa trela. Kwetu ni Bungoma upande wa Malakisi lakini familia yangu iko Nakuru, Free Area, miaka 13 sasa, na kazi yangu ni kutoa kontena Mombasa kuleta hapa mpakani na wakati mwingine navuka nalo mpaka Kampala. Nilivuta sigara miaka 27. Leo nina miezi 14 bila, ukitoa siku nne ambazo nitazieleza huko chini juu sitaki kudanganya mtu.

Kila mwaka ikifika tarehe 31 Mei, ile siku ya dunia ya kupinga tumbaku, utasikia kwa redio wakubwa wakisema sigara inaua, acheni sigara. Sawa, ni kweli, inaua. Lakini nawaomba waelewe hakuna mvutaji Kenya hii hajui hio. Tunakohoa sisi wenyewe asubuhi tukisikia. Nimezika madereva wawili wa kampuni moja na mimi, mmoja ni koo mwingine ni mapafu, na tulivuta tukitoka makaburini wote tukiwa tumesimama nyuma ya gari, hakuna mwenye hakujua ni nini imemuua mwenzetu. Kile hatujui ni unaacha aje, na ukianza kuacha alafu ile kitu ikushike usiku ukiwa peke yako unaenda kwa nani.

Mwaka juzi nilianza kukosa pumzi. Nikipanda juu ya trela kufunga turubai nilikua nashuka nashika magoti, na taniboi wangu, yule msaidizi wa garini, kijana wa miaka 23, ananiangalia tu hasemi kitu, ile kunyamaza ya heshima, iliniuma kuliko kama angesema. Nikaenda hospitali moja, si lazima niitaje, nikapimwa presha ikawa juu, daktari akaniuliza mzee unavuta ngapi kwa siku, nikamwambia 15, akaandika kwa kitabu akasema acha sigara. Nikamuuliza sasa daktari naacha aje. Akaniambia ni wewe tu uamue. Basi.

Nje kulikua na laini ndefu ya wagonjwa, simlaumu sana yule kijana, lakini kuamua nilikua nimeamua mara nyingi kabla ya hio siku. Niliamua mtoto wa kwanza akizaliwa, nikaamua tena yule wa pili akipatikana na pumu, niliamua tukimzika baba, kila mwaka mpya niliamua. Kuamua haijawahi kunishinda. Yenye ilinishinda ni siku ya tatu.

Na kuna kitu watu wa mjini hawajui kuhusu sisi wa Malakisi. Tumbaku kwetu haikua kitu ya duka, ilikua shamba. Baba alikua analima, sisi watoto tunachuma majani asubuhi yakiwa bado na umande, tunayafunga kwa kamba, yanapelekwa kwa banda la kukaushia ambapo moto wa kuni unawaka usiku na mchana na lazima mtu alale pale auangalie. Kuna siku nilitapika mpaka nikalala chini, kichwa kinazunguka, na mama akasema ni malaria. Juzi tu ndio nimekuja kuelezwa kwamba nikotini inapita hata kwa ngozi, ukishika majani mabichi yenye maji inaingia mwilini, na wakulima wengi wa tumbaku wanaugua hivyo bila kujua. Sigara yangu ya kwanza nilivutia kwa hilo banda, nilikua naangalia moto na binamu yangu, nikiwa na miaka 16. Kwa hivyo mtu akiniambia hii ni tabia mbaya ulichukua kwa marafiki nashindwa nianzie wapi. Afadhali siku hizi naskia kule Migori kuna wakulima wameng'oa tumbaku wakapanda maharagwe, yale yenye madini ya chuma mengi, kwa mpango ulioanza 2022 wa mashirika ya umoja wa mataifa, lile la afya, la kilimo na la chakula. Natamani baba angeona hio.

Sasa nikuje kwa grupu.

Aliyeniingiza ni fundi wa pancha pale Salgaa. Nilikua nimesimama anitolee gurudumu moja la nyuma, nimewasha fegi, akaniuliza kwa upole, dere, umewahi kujaribu kuacha? Nikamwambia acha tu. Akasema nipe namba nikuweke mahali, ukiona haikusaidii unatoka, hakuna mtu atakufuata. Hio jioni nikajikuta kwa grupu ya WhatsApp ya watu 41, wengi wao wa huku magharibi na Nyanza, na sisi wachache wa Nakuru. Mwenye ameianzisha ni mwalimu mstaafu wa Kakamega aliyevuta miaka 31. Kuna mama wa Ahero anauza mchele. Kuna kijana wa boda wa Kondele, kuna askari wa usiku wa ghala moja Eldoret, kuna mfamasia wa Kisumu ambaye pia yeye alivuta akiwa chuoni, kuna mtu wa kanisa ambaye sitasema zaidi juu waumini wake wanasoma gazeti.

Huyo mama wa Ahero lazima nimsemee. Alivuta miaka tisa ndani ya choo, mume hajui, watoto hawajui, anatafuna tangawizi ndio atoke nje. Mwanaume akivuta watu wanasema ni mvutaji, mwanamke akivuta anapewa majina mengine, kwa hivyo hata kuomba msaada hawezi, ataomba nani bila kusema anavuta? Kwa grupu hakuna uso. Aliandika siku ya kwanza, mimi ni mama wa watoto wanne na ninavuta, na mwalimu akamjibu karibu mama, hapa wote tunavuta ama tulivuta. Alinieleza kwamba alilia. Nafikiri kuna wanawake wengi huko nje kama yeye, na serikali ikiwahesabu sidhani wanasema ukweli kwa mtu amebisha hodi na karatasi.

Sheria za grupu ni chache. Hakuna kuchekana, hakuna matangazo ya biashara, hakuna siasa, na zile meseji za kusambaza kwa watu kumi ukituma mara mbili unatolewa. Alafu kuna neno moja. Ile hamu ikikushika unaandika MOTO. Si lazima ueleze. Yeyote mwenye ameamka anajibu NIKO. Hio tu.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Mfamasia ndiye alinieleza kwa nini inafanya kazi. Alisema nikotini ukivuta inafika kwa ubongo ndani ya sekunde kama 10 hivi, na ubongo ukizoea kupewa haraka hivyo, siku ukiinyima inadai kwa kelele. Lakini ile kelele haikai. Inapanda, inafika mwisho, inashuka, kwa watu wengi ni dakika tatu ama tano. Inarudi, ndio, lakini kila moja ina mwisho wake. Siku tatu za kwanza ndio mbaya kuliko zote na baada ya wiki mbili tatu nne zinakuja mbalimbali. Mimi nikaielewa kidereva: ni kama kupanda Timboroa na mzigo, uko gia ya chini, injini inalia, unaona huu mlima hauishi leo, na kumbe ukivumilia bila kusimama unafika pale juu gari linaanza kuteremka lenyewe. Shida yangu miaka yote ni kwamba nilikua nasimama katikati.

Nilianza Jumapili nikiwa nyumbani. Mfamasia akanitumia meseji, dere, ndani ya dakika 20 mapigo ya moyo yanaanza kutulia, ndani ya siku moja ile hewa ya sumu ya moshi, kaboni monoksidi, imetoka kwa damu, ukifika mwaka hatari ya ugonjwa wa moyo inakua imepungua karibu nusu ya mwenye anaendelea kuvuta. Nilisoma hio meseji mara nyingi sana hio wiki. Jumatatu nikaenda kuchukua mzigo. Jumanne nikagombana na mtu wa mizani Gilgil juu ya kitu ya bure kabisa, mikono inatetemeka, kichwa kinauma, choo hakitoki (samahani mhariri lakini ni kweli na hakuna mtu huwa anakwambia, nilidhani nimepata ugonjwa mwingine kumbe ni kawaida ya kuacha). Kikohozi nacho kikaongezeka badala ya kupungua. Nikauliza kwa grupu nikiwa na wasiwasi, wakaniambia mapafu yanajisafisha, ngoja wiki chache utaona. Kama sio wao ningesema kuacha kumeniletea ugonjwa, nirudie. Nawajua watu wamerudia kwa sababu hio hio.

Alhamisi usiku ndio hii ya saa nane.

Nilikua kwa foleni hapa hapa Malaba. Taniboi amelala. Mvua imekata, kumenyamaza, na dereva wa mbele akashuka akawasha fegi akasimama kando ya mlango wake. Kile nyekundu naiona kwa giza. Harufu inaingia kwa kebini polepole. Nilishika mlango kufungua, na kile nilikua nimepanga kusema nilikua nacho tayari kwa mdomo, boss nisaidie moja. Alafu nikaona simu. Nikaandika moto. Saa nane na dakika kumi usiku, nikijua hakuna mtu atajibu, nikijiambia wasipojibu nimejaribu, nashuka.

Askari wa Eldoret akajibu kabla skrini izime. Niko. Uko wapi dere?

Nikamwambia Malaba. Akauliza umekula? Nikamwambia ugali matumbo saa mbili. Akasema kunywa maji. Nikanywa. Akasema sasa nihesabie lori ziko mbele yako, ukimaliza uniambie ngapi. Nikaanza kuhesabu, zile naona taa zake, nikafika 34 nikachanganyikiwa nikarudia. Kabla nimalize mama wa Ahero akaandika niko pia, nilikua nimeamka kuangalia mtoto. Wakaanza kuongea wao wawili, bei ya mchele, baridi ya Eldoret, askari anasema amevaa makoti mawili, na mimi nasoma tu. Nikiangalia tena yule dereva amemaliza ameingia kwa gari lake. Sijui ilipita saa ngapi. Sikufungua mlango.

Mhariri, nilitoa machozi. Nina miaka 44 na nilitoa machozi kwa kebini juu mtu simjui, mwenye sijawahi kumwona uso mpaka leo, amekaa kwa geti ya watu na tochi yake akanisindikiza dakika zile. Mke wangu ananipenda na ananiombea, lakini saa nane usiku amelala Nakuru na hata nikimwamsha hajawahi kuvuta, ataniambia usivute baba fulani. Anasema kwa mapenzi lakini hajui ile kitu iko aje. Askari anajua.

(Wasije watu wakasoma hii wakaanza kuchati wakiendesha. Mimi naandika nikiwa nimesimama. Kukiwa na barabara taniboi ndiye anashika simu, anaandika moto kwa niaba yangu ananisomea majibu. Kuandika ukiendesha ni kuua watu.)

Kitu kingine ambacho nisingejua ni kahawa. Wiki ya pili moyo ulikua unanienda mbio, silali hata nikipata nafasi, nikasema kwa grupu pengine presha imepanda. Mfamasia akaniuliza swali daktari hakuniuliza, unakunywa kahawa ngapi? Mimi nabeba flaski, vikombe vitano sita kwa usiku. Akanieleza moshi wa sigara unafanya ini livunje kafeini haraka, kwa hivyo mvutaji anaweza kunywa nyingi asihisi. Ukiacha kuvuta ini linarudi kasi ya kawaida, kafeini inakaa ndani muda mrefu, na vile vikombe vyako vitano vinakua ni kama umeongeza. Punguza nusu, akasema, na usingizi dawa yake ni kulala. Nikapunguza. Siku mbili nikatulia. Ni watu wangapi wameacha sigara wakadhani wanapata wazimu na ni kahawa tu? Alinifundisha pia ile chingamu ya nikotini ya kemisti, kwamba si ya kutafuna kama chingamu ya watoto, unatafuna kidogo ukisikia inawasha unaiweka kando ya shavu inakaa, alafu unarudia. Mimi mwanzo nilitafuna moja kwa moja nikapata kwikwi na kiungulia nikasema haifai. Bei yake iko juu kwa mtu wa mshahara mdogo, hilo ni lazima lisemwe, na huipati kila kemisti.

Sasa zile siku nne.

Ilikua siku ya 47. Nilikua napanda na mzigo wa Uganda, mvua, na paipu ya upepo ikapasuka karibu na Timboroa. Watu wenye wamelala Timboroa wanajua ile baridi. Fundi anatoka Eldoret, tulimngoja masaa sita. Sijala tangu asubuhi, kampuni inapiga simu kila nusu saa kama mimi ndio nimepasua paipu, na simu ya grupu chaji imeisha. Akapita kijana na lile sanduku la mbao shingoni, peremende, karatasi za choo, sigara moja moja. Shilingi 15. Nikanunua moja nikavuta. Nikanunua zingine mbili.

Kesho yake nilipochaji simu nikajitoa kwa grupu bila kusema kitu. Niliona aibu sana. Watu wameamka usiku kwa ajili yangu alafu mimi naharibu kwa shilingi 45. Siku nne nilivuta, si 15, lakini nilivuta, na nikaanza kujiambia haya basi ndio mimi, ni damu, ni ile ya banda.

Siku ya tano mama wa Ahero akapiga. Si meseji, alipiga simu. Akasema ndugu dere umepotea, uko salama barabarani? Nikamwambia nimerudia mama. Akanyamaza kidogo akasema, hizo siku 47 ni zako, hakuna mtu anakuja kuzichukua, kesho unaendelea 48. Rudi uandike venye ilikua. Nikarudi. Mwalimu akaandika kwamba yeye alianguka mara tano kabla ashike, na hakuna mtu aliuliza kwa nini uliondoka. Waliuliza ulikua wapi, saa ngapi, umekula nini, ulikua na nani, umeshika nini mkononi. Maswali kama ya fundi akitafuta mahali gari linavuja. Nikaandika: baridi, njaa, kukaa bure, simu imezima, kijana amekuja mpaka dirishani. Nikasoma hio orodha nikaona wazi kwamba kati ya vitu vitano, vinne naweza kuvitengeneza mimi mwenyewe. Tangu hio siku nabeba koti zito, njugu karanga kilo nzima, flaski ya strungi yenye tangawizi, na chaja mbili. Sijavuta tena.

Kile cha tano, yule kijana wa dirishani, hicho ndicho siwezi kutengeneza, na hapo ndio naomba serikali zetu za kaunti zinisikilize, Nakuru, Uasin Gishu, Kakamega, Bungoma, Busia, zote zenye hii barabara inapita. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Inakataza pia kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri, na zile kanuni zake kampuni za sigara zilipigana nazo kortini mpaka Mahakama ya Juu mwaka wa 2019 zikashindwa. Lakini tembea kutoka Naivasha mpaka hapa Malaba uniambie ni wapi hutapata moja kwa shilingi 15, na wauzaji wengine wenyewe ni watoto. Zile picha za kutisha ziko kwa pakiti, za mapafu na midomo iliyooza, ziliwekwa ili mvutaji azione kila akitoa sigara. Mimi miaka yote nilinunua moja moja, hio picha nilikua naionea mbali mkononi mwa muuzaji. Na mtu anaacha, pakiti nzima ataiogopa juu ya bei na juu anajua akinunua pakiti amerudi, lakini moja, moja ni kitu kidogo tu, moja haihesabiki. Moja ndio imerudisha karibu kila mtu kwa grupu yetu, nimewauliza.

Naomba tu wakianza msako wasianze na mama wa sanduku la Salgaa. Yeye anatafuta karo. Mimi namjua mmoja pale, alikua ananiwekea yangu kila nikipita, na nilipomwambia nimeacha aliniangalia akasema sasa mimi nitakuuzia nini? Siku hizi nanunua njugu kwake, hio kilo yangu yote. Waanzie kwa wenye wanawaletea kwa katoni.

Hospitali nazo. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulipata watu wazima milioni 2.5 hivi Kenya wanaotumia tumbaku, na wengi wao siku moja watakaa mbele ya daktari kama venye nilikaa. Hio dakika daktari yuko na mtu amekuja mwenyewe, ameogopa, yuko tayari. Asimwambie uamue. Amwambie siku tatu za kwanza zitakua mbaya na kwa nini, amwambie habari ya kahawa, amwambie kikohozi kinaweza kuongezeka asishtuke, amwandikie ile namba ya bure ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Ni karatasi moja tu, hata mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kuigawa.

Na vijana waambiwe ukweli kuhusu vile vifuko vya nikotini vya kuweka kwa mdomo. Taniboi wangu alikua navyo, ananiambia mimi sivuti mzee. Havuti, lakini ile kitu imenishika miaka 27 ndiyo iko ndani ya hicho kifuko. Sasa hivi yuko kwa grupu, wiki ya sita.

Kuhusu pesa nitasema kidogo juu watu wengi huanza na pesa na mimi sikuachia pesa. Nilikua natumia 225 kwa siku. Tangu nianze, kila jioni natumia mama watoto 200 kwa M-Pesa, hata kama ni siku mbaya natuma, na yeye anajua ile meseji ikifika saa moja inamaanisha leo sijavuta. Amenunua tangi la maji na karo ya muhula mmoja imetoka hapo. Zile siku nne sikutuma, na hakuniuliza. Yule mtoto wa pumu analala karibu na mimi nikiwa nyumbani, zamani alikua anahama.

Kuna watu wataandika waombe waingie kwa grupu yetu, mhariri, tafadhali uwaambie tumekubaliana hatutazidi 50, juu ikizidi hapo watu hawajuani na moto ukiandikwa kila mtu anadhani mwingine atajibu. Lakini hamhitaji yetu. Tafuteni watu watano wenye wanataka kuacha ama wameacha, fungueni yenu leo. Hakuna haja ya daktari ndani, akiwepo ni vizuri. Wekeni neno lenu moja la kuita na moja la kujibu. Na kati ya hao watano mmoja awe ni mtu wa kazi ya usiku, askari, nesi wa zamu, dereva, mtu wa mkate, juu walimu wanalala saa tatu.

Dereva wa trela,
Free Area, Nakuru
(jina langu na namba ya simu nimempa mhariri)